Cheti cha nje, Kilimohai au kuuza kwa kuaminiana: kikundi chenu kichague kipi?

Swali linaloulizwa sana na vikundi vya kilimo hai ni hili: tumeacha sumu, tunatumia samadi na mboji, sasa tuchukue cheti gani? Mara nyingi linaulizwa kwa kuchelewa, ada ya maombi ikiwa imeshalipwa. Mimi hujibu kwa kuuliza nani ananunua. Kama hakuna mnunuzi mwenye jina, kiasi anachotaka na bei anayotoa, cheti ni gharama tu inayosubiri kuliwa na muda, kwa sababu kinadumu mwaka mmoja, kikaguliwe tena, kilipiwe tena.

Kwa mkulima mdogo wa Tanzania, Kenya au Uganda njia ni tatu. Kuna cheti cha kampuni ya ukaguzi ya nje, kinachofungua mlango wa Ulaya na Marekani. Kuna mfumo shirikishi wa uhakiki, ambao vikundi vingi vinauita PGS, unaotoa haki ya kutumia alama ya Kilimohai katika soko la Afrika Mashariki. Halafu kuna kuuza bila cheti chochote, mnunuzi akikuamini kwa sababu anakujua. Sioni kama hizi ni ngazi ya kupanda kutoka chini kwenda juu. Kila moja ina zao lake na mnunuzi wake.

Soko la dunia likoje

Mwaka 1999 dunia ilikuwa na hekta milioni 11 za kilimo hai. Kwa hesabu za FiBL, taasisi ya utafiti wa kilimo hai ya Uswisi, na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai lililoanzishwa 1972, mwaka 2023 zilikaribia milioni 99. Hekta hizo zisikubabaishe: zaidi ya nusu ziko Australia, na nyingi ni malisho ya mifugo kwenye nyika ambayo haijawahi kuguswa na jembe.

Namba zenye maana kwetu ni nyingine. Mauzo ya vyakula na vinywaji hai mwaka 2023 yalikuwa takriban euro bilioni 136, na Marekani peke yake ilichukua kama bilioni 59. Wakulima wa kilimo hai walikuwa takriban milioni 4.3. India ndiyo yenye wengi zaidi, kama milioni 2.4, na Uganda, nchi ndogo tu, ina zaidi ya 400,000. Yaani wanaolima wako huku kwetu na Asia, wanaolipa bei nzuri wako Ulaya na Marekani, na katikati pamekaa karatasi. Ndiyo maana cheti kinazungumzwa sana kuliko hata udongo.

Soko hilo nalo halipandi tu bila kupumua. Ujerumani, soko kubwa kuliko yote Ulaya, mauzo yalishuka mwaka 2022 maisha yalipopanda bei na watu wakaanza kuchagua cha rahisi. Yakainuka tena baadaye, lakini msafirishaji aliyekuwa amemuahidi mkulima nyongeza kubwa mwaka ule alibanwa pande zote mbili.

Cheti cha nje: soko kubwa, masharti makubwa

Njia hii si ngeni kwetu. Wilayani Meatu, mkoani Simiyu, pamba hai imelimwa chini ya mradi wa bioRe tangu 1994, ikinunuliwa na kampuni ya Uswisi, Remei, na kwa miaka mingi wakulima wake wamelipwa nyongeza ya asilimia 15 juu ya bei ya soko. Kagera, chama kikuu cha ushirika cha KCU kimeuza kahawa hai ya robusta nje. Kyela na bonde la Kilombero zinatoa kakao. Kati ya 1997 na 2008 Sweden iligharamia mpango wa EPOPA, uliowaunganisha wasafirishaji wa Uganda na Tanzania na wanunuzi wa Ulaya, na sehemu ya wakulima wengi wa kilimo hai wa Uganda wa leo ina mizizi yake pale.

Hakuna mkulima wa ekari mbili anayeweza kumlipa mkaguzi wa kimataifa peke yake. Kwa hiyo kinachopewa cheti ni kikundi. Kikundi kinaajiri wakaguzi wa ndani, ambao kila mwaka wanafika kwa kila mwanachama, wanaangalia shamba, ghala na daftari. Kisha mkaguzi wa nje anakuja kuwakagua wakaguzi: anachagua majina kwenye orodha, anakwenda mwenyewe shambani, na kulinganisha anachokiona na kilichoandikwa.

Masharti ya Ulaya yamebadilika, na hapa pasisomwe harakaharaka. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, namba 2018/848, ilianza kutumika Januari 2022, na kwa nchi zetu kipindi cha mpito kilivuka hadi 2025. Kikundi hakiruhusiwi kuzidi wanachama 2,000. Mwanachama awe mdogo kweli, kwa kipimo cha kipato au cha ardhi isiyozidi hekta 5. Mkaguzi wa nje lazima awafikie upya angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na sampuli za kupima mabaki ya sumu zichukuliwe kwa angalau asilimia 2. La mwisho ndilo kubwa: kikundi chenyewe kiwe kimesajiliwa kisheria.

Zamani msafirishaji alikuwa anawaandikisha wakulima elfu tano, analipia cheti, na cheti kinakuwa chake. Mkulima akipata mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi hawezi kuuza kama mazao hai, kwa sababu karatasi iko kwa bwana mkubwa. Sasa kikundi cha wakulima ndicho kinachoandikwa kwenye cheti. Kwa vikundi vilivyolala hiyo ni kazi zaidi: katiba, usajili, akaunti, viongozi. Kwa vilivyoamka ni nguvu ya kukaa mezani na kusema bei. Msafirishaji akikuambia cheti atakishika yeye "kurahisisha mambo", muulize maswali mawili matatu kabla ya kusaini.

Upande wa Marekani sheria ilikazwa Machi 2024, na kila shehena inayoingia sasa inahitaji hati yake ya uagizaji. Muda wa kugeuza shamba nao unatofautiana: Marekani inataka miaka 3 tangu mara ya mwisho sumu au mbolea ya kiwandani kutumika, Ulaya inataka miaka 2 kwa mazao ya msimu na 3 kwa ya kudumu kama kahawa na karafuu. Ukiwa na ushahidi kwamba shamba halijawahi kuguswa, muda unaweza kufupishwa, lakini bajeti isitegemee hilo. Katika miaka hiyo unafuata masharti yote na kuuza kwa bei ya kawaida. Udongo uliozoea urea nao una safari yake. Sri Lanka ilipopiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yaliporomoka na marufuku ikalegezwa kabla mwaka haujaisha.

Mkaguzi anatafuta nini hasa? Watu hudhani anapekua chupa za sumu. Anapekua, lakini wengi hukamatwa kwenye vitu vidogo. Kiroba kilichowahi kubeba urea, kimefuliwa vizuri, kimeanikwa, sasa kimejaa pilipili manga. Bomba la kupulizia lililoazimwa kwa jirani mwenye nyanya. Mahindi yaliyopandwa pembezoni kwa mbegu ya dukani yenye unga wa rangi ya waridi, na unga huo ni dawa. Samadi ya kuku wa mayai kutoka kwa mfugaji mkubwa wa mjini, bila mtu kuuliza kuku wanapewa nini. Mpaka na shamba la jirani anayepulizia, pasipo hata mstari wa mabingobingo kukinga. Mwanachama mmoja akikutwa hivyo, anatolewa yeye. Ikionekana wakaguzi wa ndani walijua na wakaandika "safi", kikundi kizima kinaweza kupoteza cheti.

Kuna hata mambo yasiyo mikononi mwa mkulima. Mwaka 2008 Uganda ilipulizia DDT, sumu ya kuua wadudu, majumbani kupambana na malaria katika wilaya za Apac na Oyam. Wakulima wa huko huweka mavuno ndani ya nyumba wanayolala. Wasafirishaji wa pamba na ufuta hai walikwenda mahakamani, maana mnunuzi wa Ulaya hapimi nia, anapima mabaki.

Kilimohai: jirani anamkagua jirani

Mei 2007, jijini Dar es Salaam, kilizinduliwa kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao hai pamoja na alama ya Kilimohai. Nchini alama hiyo inasimamiwa na mashirika ya kitaifa, kama TOAM kwa Tanzania na KOAN kwa Kenya. Unaweza kuipata kupitia kampuni ya ukaguzi, lakini njia ambayo vikundi vidogo vinaimudu ni ya mfumo shirikishi.

Wazo lenyewe limezunguka dunia. Ufaransa walianza miaka ya 1970, Brazil wakaliingiza kwenye sheria zao, na India ndiyo yenye wakulima wengi zaidi katika mfumo huu. Badala ya kumlipia mgeni tiketi na hoteli, wakulima wanakaguana. Kikundi kinakubaliana kanuni, kila mmoja anatia saini ahadi, inaundwa kamati ya wakaguzi, na mlaji, mwenye duka au afisa ugani anakaribishwa kushiriki. Taarifa zinapelekwa kwa shirika la kitaifa, ambalo likiridhika linaruhusu alama itumike.

Gharama yake kwa fedha taslimu ni ndogo sana ukilinganisha na njia ya kwanza. Gharama halisi ni muda na, niseme ukweli, ni uso. Shemeji yako amepulizia mchicha usiku kwa sababu vidukari vilizidi. Wewe ndiye mkaguzi wake. Utaandika? Kikundi chenye uongozi mzuri kinatatua hili kwa kuwatuma wakaguzi kutoka kitongoji kingine na kwa kuwa na adhabu iliyoandikwa tangu mwanzo: mara ya kwanza mazao ya msimu huo yanauzwa kama ya kawaida, mara ya pili unapumzika mwaka. Kikundi kisicho na adhabu iliyoandikwa kina urafiki tu, na urafiki hauwezi kubandikwa kwenye pakiti.

Kwa upande mwingine, mfumo huu una jicho ambalo mkaguzi wa kutoka Ulaya hana. Anayeishi jirani anasikia harufu ya dawa siku inapopuliziwa. Anajua nani amenunua nini duka la pembejeo. Mgeni anakuja kwa miadi, na kwa miadi kila shamba limefagiliwa.

Mfano mzuri wa njia hii uko Morogoro. Shirika la SAT, lililoanza 2011, limefanya kazi na wakulima wa milima ya Uluguru, watu wa mdalasini, karafuu, pilipili manga, mboga na matunda, likiwa na vikundi vya mfumo huu pamoja na duka mjini. Nguvu yake iko kwenye umbali: mlaji wa Morogoro mjini akitaka kwenda kuona shamba, anapanda gari asubuhi na jioni amerudi.

Mpaka wake lazima ujulikane. Ulaya na Marekani haziupokei mfumo huu kama uthibitisho wa mazao hai yanayoingizwa kwao. Mdalasini wako wenye alama ya Kilimohai ukifika Hamburg ni mdalasini tu. Hata hapa nyumbani alama yenyewe bado haijulikani kwa wanunuzi wengi; mama wa Kariakoo hataongeza shilingi kwa sababu yake. Itakusaidia kwenye hoteli za watalii, maduka ya vyakula vya afya, supamaketi chache za Nairobi, Arusha na Dar, na kwa wazazi wenye watoto wadogo, ambao ndio wanunuzi wanaouliza sana kuliko wote.

Bila cheti: mnunuzi anakujua

Njia hii hudharauliwa kwenye semina, na nadhani ni kwa sababu haina mfadhili. Mkulima wa Kiambu au Kigamboni ana wateja wa kudumu kwenye kundi la WhatsApp, Jumatano anaorodhesha kilichokomaa, Ijumaa bodaboda anasambaza vikapu. Hakuna ada wala fomu. Mteja analipa zaidi kwa sababu mboga ni mbichi na anaijua sura ya aliyezilima.

Ugumu wake ni kukua. Wateja wakiwa wengi mboga zinapungua, unaanza kuchukua za jirani "ambaye naye hatumii dawa sana", na hapo neno lako limeshaanza kulegea. Tena bila uthibitisho wowote usiandike "hai" kwenye pakiti kana kwamba umekaguliwa. Sema unachofanya: hatupulizii dawa za viwandani, tunatumia mboji, karibu shambani.

Tuziweke kwenye hesabu

Namba hizi ni za mfano, weka zenu. Tuseme ukaguzi wa nje, mafunzo, wakaguzi wa ndani na vipimo vya maabara vinagharimu shilingi milioni 12 kwa mwaka. Tangawizi kavu inauzwa shilingi 3,000 kwa kilo na mnunuzi wa mazao hai anaongeza asilimia 15, yaani shilingi 450. Kikundi chenye tani 8 kitabeba shilingi 1,500 za cheti katika kila kilo ili kipate nyongeza ya 450. Ni hasara ya wazi. Kikundi chenye tani 120 kinabeba shilingi 100 tu kwa kilo na kubaki na 350. Mstari wa kutopata wala kukosa uko karibu na tani 27, na hapo hujahesabu miaka ya kugeuza shamba wala wanachama watakaouza pembeni.

Kuuza pembeni ndiko kunakoua vyeti vingi kimyakimya. Kagera wanaijua butura: mkulima mwenye shida ya ada ya shule anauza kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa. Cheti kizuri kiasi gani hakimsaidii mtu anayehitaji fedha mwezi wa pili wakati mavuno ni mwezi wa sita. Kama mnunuzi wenu hatoi malipo ya awali na kikundi hakina mfuko wa kukopeshana, punguzeni makadirio ya tani kabla ya kusaini chochote.

Kwa Tanzania kuna jambo moja la kuulizia mapema. Mazao kama ufuta na kakao katika maeneo mengi yanauzwa kwa mnada kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na stakabadhi ghalani, ambako mazao ya wakulima wengi hukusanywa ghala moja kwa risiti kabla ya kuuzwa. Gunia la mazao hai likipangwa ghala moja na mengine bila kutenganishwa na kuandikwa, limeshakuwa la kawaida. Muoneni afisa ushirika wa wilaya mkubaliane kuhusu sehemu ya kuhifadhia na utaratibu wa kuuza kabla hamjaomba cheti. Pemba nako karafuu hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, kwa hiyo kikundi cha karafuu hakiwezi kupanga soko la nje bila shirika hilo.

Ningechagua nini

Kwa mboga, mayai, maziwa, ndizi na matunda laini, cheti cha nje nakiweka pembeni kabisa. Mazao hayo yanaoza kabla nyaraka hazijakamilika, isipokuwa mna kampuni yenye chumba cha baridi na ndege. Nendeni na Kilimohai kama mnataka kuingia hoteli na maduka. Kama wateja wenu bado ni nyumba thelathini, bakini na WhatsApp yenu.

Kahawa, kakao, ufuta, pamba, korosho na viungo vikavu vinastahimili safari na vina wanunuzi wa kudumu wa mazao hai. Hapo cheti cha nje kina maana, kwa masharti mawili: mkataba wa mnunuzi wenye bei na kiasi, na wanachama wa kutosha kuvuka mstari wa gharama. Kikikosekana kimoja, anzeni na mfumo shirikishi. Daftari la shamba, ramani, orodha ya wanachama, adhabu, vyote hivyo ndivyo mkaguzi wa nje atakavyovitaka miaka mitatu ijayo, na mtakuwa mmeshavizoea bila kulipa bei ya kujifunzia. Na siku ushahidi wa shamba lisiloguswa na sumu utakapohitajika, daftari za miaka hiyo zitakuwa na uzito kuliko maneno ya mdomo.

Kuhusu mkulima mmoja mmoja anayetaka cheti cha nje kwa jina lake, sijui kumshauri vingine: kama huna shamba kubwa, jiunge na kikundi.

Ufadhili nao unakuja kwa njia zake. Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo hai mwishoni mwa 2023, na miradi inayolipia cheti cha mwaka wa kwanza itaendelea kutokea. Mkipata, pokeeni, lakini siku ya kusaini ulizeni nani atalipa mwaka wa tatu, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mkaguzi naye anataka kuona zao likiwa shambani, si ghalani tu. Kikundi cha kahawa kinachosubiri mavuno yaanze ndipo kiombe ukaguzi kinaweza kuuza msimu wote kwa bei ya kawaida huku fomu zikiwa njiani, kwa hiyo maombi yaende miezi kadhaa kabla.